Bati Linalotoa Jasho

Mtu mmoja alikuwa na banda la gari, na juu ya banda hilo alikuwa na dari ya mbao, na juu ya dari hapakuwa na kitu ila bati tupu. Aliitwa Mgaya, naye aliishi nyanda za juu, huko ambako asubuhi za Julai mtu akifungua kinywa mvuke unamtoka. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu najua mtamchukia, na mkishamchukia hamtajiona ndani yake.

Mwaka ule shemeji yake Yustina, mjane wa mdogo wake, alibomoa jiko lake la zamani ili ajenge jingine. Miaka yote mbegu yake ya mahindi ilikaa kichanjani juu ya mafiga, ikapigwa na moshi, na haikuwahi kumwangusha. Ilikuwa mbegu ya mama yake, ya punje nyekundu, wala hapakuwa na duka lililoiuza. Alimpelekea Mgaya magunia mawili, akamwomba amtunzie mpaka mvua za kupandia. Mgaya alikubali kwa moyo mweupe, akayapandisha darini.

Wiki hiyohiyo alimwita fundi Nikodemu aipime dari, maana alitaka kuifanya stoo ya kudumu. Fundi alipanda, akapitisha kiganja chini ya bati, akalishika gunia moja, akashuka. Alisema panatakiwa tabaka la kuzuia joto na baridi chini ya bati, na matundu ya hewa pande mbili, upepo uingie huku utokee kule. "Na kabla sijayafanya hayo, mzee, usihifadhi kitu humo," alisema. "Bati hili likipoa usiku linatoa jasho."

Mgaya alicheka. Bati litoe jasho, limelima shamba gani? Lakini fundi alipoondoka kicheko kilimkauka. Mbona alilishika gunia? Na matundu pande mbili, ya nini, kama si ya kupitisha mkono? Hakumwita tena. Badala ya kutoboa matundu, alichukua matambara na udongo akaziba hata zile nafasi ndogo ambazo mjenzi alikuwa ameziacha chini ya paa. Kisha akatia kufuli kwenye mlango wa dari, na ufunguo akauvaa shingoni.

Baada ya majuma mawili alipanda, akakuta magunia yamelowa juu. Mvua haikuwa imenyesha. Basi akajiambia kwamba kuna mtu ameinua bati alfajiri, akaingia na umande kwenye nguo zake. Alikagua misumari, akaikuta yote mahali pake, na badala ya kutulia akaogopa zaidi, kwa sababu mwizi wa namna hiyo ni mwizi hodari. Akayafunika magunia kwa nailoni, akayafunga kamba. Safari iliyofuata yalikuwa yamelowa kuliko mwanzo. Akaongeza udongo.

Alimshuku fundi kwanza. Halafu akawashuku vijana waliokuwa wakijenga jiko la Yustina. Mwisho, kwa kuwa shaka haikai njaa, akamshuku Yustina mwenyewe. Mwezi wa Septemba mama huyo alikuja akasimama mlangoni, akasema, "Shemeji, naomba niishushe mbegu, niianike siku moja tu." Mgaya aliushika ufunguo wa shingoni, akawaza. Ana haraka ya nini? Asije akapunguza nusu, kisha akatangaza kijiji kizima kwamba shemeji kaila. Akamwambia mbegu iko salama, na kama hamwamini aseme. Yustina aliona aibu kubishana na kaka wa marehemu mumewe. Akarudi nyumbani.

Mvua za Novemba zilipoanza, Mgaya aliyashusha magunia mwenyewe, akijisifu kwamba kufuli halikuguswa. Yustina alifungua gunia, na harufu ikamfanya ageuze uso. Alichukua punje moja akaiuma, kama wanawake wa kule wanavyoipima mbegu, kwa maana punje nzima hulia kati ya meno. Ile haikulia. Ilibonyea kama iliyochemshwa. Akachukua nyingine kutoka chini kabisa, na nyingine kutoka gunia la pili, na zote zilinyamaza. Bondeni majirani walikuwa wameshaingia mashambani na majembe. Mgaya naye alikuwa ameshaanza kuwataja watu kwa majina, akiapa kwamba wameimwagia maji mbegu yake kwa wivu.

Yustina alimwacha amalize. Mama yake alikuwa amekufa zamani na hakuna mwingine aliyebaki na mbegu ile. Kisha akasema, "Shemeji, hakuna mtu aliyeingia humu. Hata hewa haikuingia."

Mnanitazama kana kwamba nazungumzia mahindi. Haya. Wewe uliyekabidhiwa mke, au mtoto, au kundi la watu, ukaziba kila upande kwa ajili ya wezi unaowajua wewe peke yako: ulichopewa bado unacho, na hakuna aliyekigusa. Je, kiko hai?