Kiapo cha Dengu

Waliotutangulia katika kuhifadhi habari za waja wema wametufikishia kwamba katika mji mmoja wa wafuma sufu, kando ya mto Furati, palikuwa na ghala la wakfu. Aliyeliweka wakfu ni mwanamke mmoja tajiri, Mwenyezi Mungu amrehemu, na nia yake ilikuwa nyepesi kueleweka: wajane na mayatima wa mji ule wasilale na njaa. Kila Alhamisi wanawake walifika mlangoni wakapewa mikate iliyokwisha okwa, tende zilizosongwa kwa samli, na donge la halua kwa ajili ya siku ya Ijumaa. Miaka mingi ikapita hivyo, na sijasoma popote kwamba kuna mjane aliyekufa kwa halua.

Kisha akateuliwa msimamizi mpya, Sheikh Nuaim bin Dhakwan. Nisije nikamdhulumu marehemu kwa hasira zangu: alikuwa mtu wa ibada, mwenye kufunga Jumatatu na Alhamisi, wala hakuila hata punje moja ya wakfu. Tena alikuwa na kidonda moyoni. Ndugu yake wa tumbo moja alipenda mno vitamu, akapatwa na maradhi ya mkojo mtamu, mguu ukaoza, akafa Nuaim akiwa amemshika mkono. Tangu siku hiyo Sheikh alivisoma vitabu vya matabibu kama wengine wasomavyo nyiradi. Siku ya kwanza alipofungua ghala akaziona zile tende zinavyong'aa kwa samli, alishtuka kama aliyeona nyoka.

Akaamuru kwamba kuanzia Alhamisi inayofuata maskini wa wakfu wapewe chakula cha siha peke yake: shayiri nzima, dengu kavu, figili na siki. Mkate mweupe ukaondoka, samli ikaondoka, na halua ndiyo usiseme. Tende nazo akazikata. Mtu mmoja msikitini alimkumbusha kwa adabu kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifuturu kwa tende. Sheikh akajibu kwamba basi na wao wafunge kwanza. Subhanallah, aliwaambia hivyo watu ambao kufunga kwao hakungoji Ramadhani.

Sasa uelewe hali ya mji ule, maana Sheikh pamoja na vitabu vyake vyote hakuielewa, naye alizaliwa hapo hapo. Nchi ile ni tambarare isiyo na miti. Kuni ziliteremshwa na ngamia kutoka mbali, na walionunua ni wenye uwezo. Maskini waliwasha miiba na samadi kavu, moto wa kuchemshia maji, si wa kuivishia dengu zinazotaka kukaa jikoni nusu ya siku. Jiwe la kusagia shayiri walikuwa nalo wachache. Na wanawake wenyewe walishinda mtoni tangu alfajiri wakiosha sufu za watu, mikono imechubuka kwa magadi, wakarudi alasiri wamekufa kwa uchovu. Nani angebaki nyumbani kuchochea moto?

Kwa hiyo wakafanya ambalo mimi na wewe tungelifanya. Walizibeba dengu na shayiri zao wakampelekea mwoka mikate, naye akawapa mikate na tende, chache kuliko zile za zamani, maana mwoka mikate naye hakuwa walii. Watoto wakala, siku zikaenda.

Haikuchukua muda Sheikh akapita tanurini, akaziona dengu za wakfu zimejaa magunia ya mwoka mikate. Alighadhibika ghadhabu kubwa. Mtu mwingine angeuliza kwa nini. Yeye akaweka kiapo. Akaagiza kwamba kila mwanamke, kabla ya kupewa fungu lake, aweke mkono kifuani aseme mbele ya wenzake: "Wallahi, tulichopewa ndicho tulichokula." Asiyeapa hapewi.

Hapa ndipo kisa hiki huniudhi, nami nimekisoma mara nyingi. Wanawake ambao hawakuujua uongo wakaanza kujifunza uongo mlangoni pa sadaka, kila Alhamisi somo moja. Wengine walitafuna punje mbili tatu za dengu mbichi njiani, ili kiapo kisiwe uongo mtupu. Wengine waliapa haraka haraka, kisha wakaenda kufunga siku tatu kuwa ni kafara. Hebu fikiri, mtu mwenye njaa anafunga kafara kwa sababu amekula. Na Sheikh kila Alhamisi alirudi kwake ameridhika, akimshukuru Mola kwamba maskini wake sasa wanakula vizuri.

Miongoni mwa wanawake hao alikuwamo Lubaba, mjane wa mshona mahema, mwenye watoto wawili na mama mkwe aitwaye Bi Hunaida. Bi Hunaida alikuwa ajuza aliyefifia macho, wala hakuwa na jino hata moja. Alichoweza kula ni kimoja tu, mkate mweupe uliochovywa katika tende zilizolainishwa kwa maji moto. Alhamisi ya kwanza ya kiapo Lubaba alifika mlangoni, zamu yake ikawadia, akaambiwa aape.

Akasema: "Siwezi, Sheikh. Nilizibadilisha kwa mikate na tende. Na ukinipa leo, nitabadilisha tena."

Wanawake wote wakatazama chini. Sheikh, ambaye kwa hakika alimwonea huruma, akamweleza kwa urefu faida za dengu katika damu na za shayiri katika tumbo. Akamwambia kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekula chakula hicho hicho siku arubaini bila ya kuongeza kitu, ili asiwaamrishe watu jambo asilolitenda, na mwili wake umekuwa mwepesi na usingizi wake mzuri. Ilikuwa kweli tupu. Alikula siku arubaini, na mpishi wake ndiye aliyepika.

Lubaba alimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza. Akasema: "Ulikula dengu zetu kwa kuni zako, Sheikh."

Sheikh aliyaona maneno hayo kuwa ni jeuri. Akamwambia arudi siku atakapokuwa tayari kuapa, akamwita mwingine.

Njiani kurudi, jirani wa Lubaba, Bi Sabiha, alimsuta sana. Alimwambia kwamba wote wanaapa, na Mwenyezi Mungu ni Mwingi wa kusamehe, na kichwa kigumu hakijapata kushibisha watoto. Lubaba hakubishana naye, maana aliyajua hayo yote. Alisema tu: "Huenda akanisamehe, dada. Lakini wanangu wananisikia. Watakua wakijua kwamba jina la Mungu ni bei ya dengu."

Basi akasubiri. Alhamisi ya pili alikwenda, akakataa kuapa, akarudi mikono mitupu. Ya tatu vile vile. Majirani walimpa walichoweza, nao hawakuwa na kingi. Watoto wakakonda. Bi Hunaida akaacha kuinuka kitandani, na kila alipoletewa tonge akasema ameshiba, wapewe wajukuu. Wala usidhani Lubaba alikuwa jiwe. Imepokewa kutoka kwake mwenyewe kwamba kila Alhamisi kiapo kilimfika ncha ya ulimi, akakimeza, kisha akaenda mtoni akaosha sufu huku analia.

Habari za ajuza yule zikamfika Sheikh Nuaim. Je, alirudisha tende? Hakurudisha. Aliona kwamba kasoro iko katika upishi, na kwamba Lubaba ni mvivu wa jiko anayejificha nyuma ya uchamungu. Akakata shauri kwenda yeye mwenyewe kumpikia Bi Hunaida, watu waone na wanyamaze. Mkewe alimshauri achukue japo tita moja la kuni. Akakataa, akasema atapika kwa moto wa nyumba ile ile, ili Lubaba asipate la kusema. Mwanachuoni mzima, na hilo ndilo alilolihofia.

Alifika baada ya alasiri, Lubaba ametoka mtoni. Akabisha hodi, akakaribishwa uani, mlango ukaachwa wazi kama itakiwavyo. Akateleka chungu juu ya mafiga, akatia dengu na maji, akawasha miiba. Miiba ikalipuka, ikazimika. Akaongeza samadi, moshi ukamjaa machoni. Akavua kilemba, akapuliza, akakohoa, ndevu zikaingia majivu. Watoto walimletea miiba mpaka akiba ya siku nne ikaisha yote. Alipochota dengu mara ya kwanza akazibonyeza, zilikuwa ngumu. Alipochota mara ya pili jua lilikuwa linakuchwa, nazo zilikuwa ngumu bado. Lubaba, ingawa alikuwa na haki ya kusema maneno mengi, akamletea bakuli la kupakulia.

Mwishowe Sheikh akazipakua hivyo hivyo kwa aibu, akazimiminia siki, akampelekea ajuza kwa mkono wake. Bi Hunaida alifurahi mno kusikia kwamba mtu mkubwa kama yule amempikia. Akatia dengu kinywani, akazizungusha kwa ufizi, akazihamisha kutoka shavu hili kwenda shavu lile, akizingoja zilainike. Hazikulainika. Kwa heshima ya mgeni hakuzitema. Alizimeza nzima nzima, machozi yakimtoka, akasema Alhamdulillahi. Kisha akainua mikono kumwombea mgeni wake, na Mola ni shahidi kwamba hapakuwa na kejeli ndani yake, maana mwanamke yule hakuijua kejeli.

Akasema: "Ewe Mola, mlishe Sheikh Nuaim atakapozeeka kama alivyotulisha sisi. Na umpe mtu wa kumchagulia, kama yeye alivyotuchagulia."

Watoto wakaitikia amina. Sheikh naye alikuwa ameinua mikono, kama afanyavyo kila mtu anapoombewa dua. Akataka kuitikia amina, akashindwa. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha watu msikitini kwamba dua ya aliyedhulumiwa haina pazia baina yake na Mola, na hii hapa imeombwa kwa mapenzi, mbele yake, na watoto wameshaiitikia. Lubaba akageuza uso asimtazame.

"Bi mkubwa," akasema Sheikh, "niombee dua nyingine."

"Kwani hii ina ubaya gani, mwanangu?" akauliza Bi Hunaida.

Sheikh akaokota kilemba chake, akatoka.

Asubuhi yake, ijapokuwa haikuwa Alhamisi, ghala lilifunguliwa. Sheikh Nuaim akasimama mlangoni, akawaomba wanawake wote msamaha kwa viapo alivyowaapisha, na Lubaba akamtaja kwa jina, akasema kwamba yeye peke yake ndiye aliyemheshimu kwa kumwambia kweli. Zikawekwa dengu na shayiri upande mmoja, mikate na tende upande mwingine, na kila mmoja achukue akijuacho kinafaa nyumbani kwake. Wako waliochukua dengu, na baadaye msimu wa mabua ulipofika na moto ukapatikana wakazipika wakazisifu, kwani dengu hazikuwa na kosa. Bi Hunaida alipelekewa tende, akainuka kitandani kabla mwezi haujaandama. Halua nayo ilirudi. Sheikh aliigawa kwa mkono wake mwenyewe, uso umekunjamana mpaka siku ya kufa kwake, lakini aliigawa.

Ndugu yangu uliyepewa cha kugawa, sikukatazi kuwatakia watu siha. Nakuomba jambo moja tu, maana nimechoka na watoaji wanaoijua nyumba ya maskini kuliko maskini mwenyewe. Kabla hujafunga fungu la mtu na masharti yako juu yake, jiombee kwanza dua ya Bi Hunaida. Ukiweza kuitikia amina, mpe.