Kwa Nini Mtawala wa Kelumbi Hukaa Katikati ya Mto

Tulieni wajukuu, mguu wa mtu usiwe juu ya mwenzake. Zamani, huko katika nchi za Wamalai, mtawala wa Kelumbi hakuwa na mahali pa kukaa. Kelumbi ilikuwa mpakani. Kaskazini ya mto palikuwa na mfalme mwenye tembo, kusini palikuwa na sultani mwenye mashua za vita, na kila mmoja alisema, "Ambaye nguzo za nyumba yake zimesimama upande wangu, huyo ni wangu."

Basi Raja Lela, mtawala wa Kelumbi, akatafuta amani kwa njia aliyoijua. Nyumba za kule ni za mbao, zimeinuliwa juu ya nguzo, na watu wakitaka kuhama huitia mabegani nyumba nzima wakaenda nayo. Wajumbe wa kaskazini wakija, nyumba ya Raja ilivushwa kaskazini. Wakija wa kusini, ilirudishwa kusini, mto wenyewe maji ya kiunoni, na yeye yumo ndani, ameegemea takia, anatafuna tambuu.

Aliyewaongoza wachukuzi alikuwa mjane, Mak Besah. Mak kwao ni mama. Alitangulia akiita, wanaume wakaitikia kwa hatua, maana nyumba isiyoitiwa huyumba. Mumewe alifia chini ya boriti ya nyumba hiyo hiyo. Sasa pembe aliyoibeba marehemu aliishika Deraman, mwanawe wa pekee, bega limejaa vidonda.

Asubuhi moja mama akamwambia, "Leo pumzika, mwanangu."

"Nikipumzika atabeba nani, wewe? Hata kikapu cha samaki unakisukuma kwa mguu."

Deraman akacheka peke yake.

Asubuhi hiyo walikuwa wameivusha kaskazini. Kabla wali haujaiva, habari zikaja kwamba wa kusini nao wako njiani. Wakaiinua tena. Walipofika katikati ya mto, penye kisiwa cha mchanga, Mak Besah akageuka, akaona damu inamtiririka Deraman mkononi mpaka majini. Akanyamaza. Miguu ikakosa mwito, wanaume wakaitua nyumba mchangani.

Raja akachungulia dirishani. "Mak Besah, mbona kimya?"

"Sauti imekwisha, Tuanku," akajibu, maana ndivyo walivyomwita bwana wao.

"Wageni wanafika."

"Basi shuka, bwana wangu, ushike pale aliposhika mwanangu."

Watu wakainamisha nyuso, maana kwa maneno kama yale kichwa kilikatwa. Lakini wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na Raja Lela hakuwahi kuupima. Akashuka, akatia bega. Wakainua. Hakuvuka hata kivuli cha nyumba yake, wakaitua tena. Akaketi mchangani anahema, akalitazama bega la Deraman, akalitazama sana.

"Iacheni hapa hapa," akasema.

Wajumbe wa pande zote wakafika, wakamkuta katikati ya maji, hana upande. Wakafoka, wakadai ushuru wao wa mchele, naye akatoa huku, akatoa na kule. Wafalme wale hawakuingiwa na huruma siku ile, wala baadaye.

Na tangu siku hiyo mtawala wa Kelumbi hukaa kwenye kisiwa cha mchanga, na kabla hajatawazwa hushika pembe ya nyumba pamoja na watu, mama wa mmoja wa wachukuzi akimwitia hatua. Mafuriko yakija humlowesha yeye kwanza. Mchele bado huenda pande mbili, na watu wa Kelumbi wamechoka hata leo. Ila hawachoki tena kwa kumbeba mtu aliyejilaza.