Kiti Kimoja cha Treni ya Idi

Sogeeni karibu, ila mwenye hasira za karibu akae mbali kidogo na mwenzake, maana hadithi hii imeshavunja baraza zaidi ya moja.

Palikuwa na watu watatu wa nyumba moja, kila mmoja na lake aliloliweza. Mbwana, mpiga pasi kwa dobi, alijua kusimama. Ungemwacha mahali asubuhi ukamkuta jioni pale pale, hajabadilisha hata mguu. Dada yake, Mize, muuza mitumba, alijua kusema, na sokoni walidai angeweza kumuuzia mtu shati alilolivaa mwenyewe. Siwema, mkewe Mbwana, alijua kulea. Na kwa kuwa hakuna anayesema kulea ni kipaji, mkimsifu leo mtakuwa wa kwanza.

Siwema na Mbwana walikuwa na watoto wawili, Kilua wa miaka sita na Jumbe wa miaka mitatu. Idi pili, kama ilivyo desturi ya mji wao, nyumba nzima ilikwenda bustani ya michezo na nguo mpya. Mwaka huo palikuwa pameletwa treni inayoingia pangoni na kutokea juu ya maji. Watoto waliizungumza mwezi mzima wa Ramadhani. Siwema naye aliiwaza, ila hakumwambia mtu. Idi nne mfululizo alikuwa amekuja bustani ile, na hakupanda hata farasi wa mbao. Safari hii alijiapiza kwamba lazima apande.

Mbwana alishika foleni saa nane, jua kali, kivuli hakuna. Waliokuwa mbele yake walikata tamaa wakaondoka. Waliokuwa nyuma walikwenda kunywa soda, wakarudi wakakuta nafasi zimeshaliwa. Yeye hakuondoka. Alasiri ilipoingia aliswali hapo hapo pembeni, juu ya kanga ya mkewe, Mize akimshikia nafasi, kisha akarudi kusimama. Saa kumi na moja akawa wa kwanza langoni.

Langoni ndipo Mize alipofanya yake. Palikuwa na msimamizi mwenye filimbi shingoni, na kando yake twiga wa mbao. Mtoto asiyefika goti la twiga hapandi, hiyo ndiyo sheria. Kilua alipita. Jumbe alipungua vidole viwili.

"Huyu bado," msimamizi akasema. "Mleteni mwakani."

Mbwana, ambaye maneno si yake, akaanza kugeuka. Mize akainama akamtazama twiga miguuni.

"Bwana mkubwa, twiga mmempandisha juu ya tofali, mtoto mmemsimamisha mchangani. Mshusheni twiga au mpandisheni mtoto."

"Twiga tumemwekea tofali asioze na mvua, dada."

"Basi na mwanetu mwekeeni, asije akaozea hapa."

Foleni nzima ikacheka. Tofali likaletwa, na Jumbe akalipita goti.

Sasa hizo saa tatu Siwema alikuwa wapi? Watoto hawajui foleni. Jumbe alijikojolea mara mbili, akabadilishwa mara mbili. Akatapika juisi kwenye kanzu mpya, Siwema akaifua bombani na kuianika kichwani mwake, akitembea nayo mpaka ikakauka. Viatu vipya vilimchubua Kilua kisigino, Siwema akachana upindo wa mtandio wake akamfunga. Alimbeba Jumbe mgongoni mpaka akalala, na foleni ilipokaribia akamwamsha taratibu kwa ubuyu, maana mtoto akiamshwa ghafla huamka na kilio, na mtoto anayelia hapandishwi. Wenzao wengi waliokuja mchana walikuwa wamesharudishwa nyumbani wakigaragara. Kilua na Jumbe walifika langoni safi, wameshiba na wanacheka.

Msimamizi akafungua kamba. "Hii ni safari ya mwisho, na limebaki benchi moja. Watoto wawili na mkubwa mmoja. Mmoja tu."

Mbwana akavua kofia, akampa Siwema amshikie. Mize akamtundikia mkoba wake begani. Walifanya hivyo kwa pamoja, bila hata kumtazama. Siwema alisikia damu ikimpanda kichwani. Akaviweka vyote chini mchangani, kofia, mkoba na kapu la nguo mbichi.

"Leo napanda mimi," akasema.

"Mama Kilua," Mbwana akaanza kwa upole, "mchumia juani hulia kivulini. Nani aliyesimama juani? Wewe ulikaa zako kivulini. Halafu mimi utotoni sikupanda kitu. Nilikuwa nawasukumia wenzangu bembea, zamu yangu haikufika."

"Nimekaa? Hebu nionyeshe mahali nilipokaa, Baba Kilua."

"Kaka, wewe ulishageuka kurudi," Mize akadakia. "Kama si mdomo wangu, Jumbe angekuwa anaiangalia treni kwa nje. Na watoto ninyi mnalala nao, mnaamka nao. Mimi sikujaaliwa. Hawa ndio wangu. Wifi, ninyime kingine chochote, si hiki."

Siwema alimhurumia, na huruma ile ikamzidishia hasira, kwani alijua huruma ndiyo iliyomkalisha chini Idi nne.

"Wewe umesimama, watu wamekuona. Wewe umesema, watu wamecheka. Langu mimi huonekana siku nisipolifanya. Watoto wakichafuka, mama yao hafai. Wakiwa safi, basi nilikaa kivulini. Kweli shukrani ya punda ni mateke."

"Kidole kimoja hakivunji chawa, hilo nimelielewa," msimamizi akasema. "Lakini benchi ni moja, na nikipuliza filimbi treni inaondoka. Muulizeni mtoto basi."

Wote watatu wakamgeukia Kilua. Kilua alimtazama baba yake, akamtazama shangazi, kisha akamtazama mama yake kwa mshangao wa kweli.

"Kwani mama naye hupanda?" akauliza.

Mbwana aliinamisha macho mchangani, Mize akajifanya anafunga kanga, na Siwema akabaki amesimama, mikono mitupu.

Jamani, msimamizi ameshatia filimbi mdomoni, na kiti kingali wazi. Asingesimama yule, nafasi ingekuwa imekwenda. Asingesema yule, Jumbe angekuwa nje. Asingelea huyu, pasingekuwa na mtoto wa kupandishwa. Haya, ninyi mnaojua haki, mnamkalisha nani? Na yule mtakayemwachia mikoba, mtamwambia nini usoni?