Mzinga wa Aliyelinda Kinywa

Hapo zamani, sukari ikiwa bado haijajulikana na watu wakioza meno kwa asali tu, palikuwa na kijiji cha warina asali katikati ya miombo. Msiniulize jina lake. Kilikuwa na mizinga mingi kuliko watu, na mapengo mengi kuliko meno.

Humo aliishi mwanamke aliyeitwa Nyanzala, na kazi yake ilikuwa kutazama vinywa. Si kung'oa. Kung'oa kulikuwa na mtu wake, na huyo alipendwa sana, maana unamwendea ukilia na unaondoka umepona. Nyanzala aliwatazama wasioumwa. Mama analeta mtoto, mtoto anaasama, Nyanzala anamgeuza uso kwenye jua. Anapitisha ukucha kwenye magego kupima vina vya mifereji yake. Anaangalia kama mate yapo au kinywa ni kikavu. Anatafuta madoa meupe kama unga pale jino linapokutana na ufizi. Halafu anauliza yale maswali yake ya kuudhi: huyu analamba mara ngapi kwa siku? Analala na nini mdomoni? Na wewe mama, meno yako mwenyewe yako wapi?

Akimaliza anasema: huyu mwacheni, huyu mwangalieni, na huyu msipomshika sasa, atavunja ungo bila magego.

Watu wanasema asante, bibi. Wanaondoka, na kabla hawajavuka uzio mtoto keshatiwa sega mdomoni anyamaze. Nyanzala anawaona kwa macho yake. Alichoka. Hata wewe ungechoka.

Sasa, kijiji kile kilikuwa na mwonjaji. Nyuki hawana adabu, wanakunywa kila ua, na kuna maua ambayo asali yake ni chungu na inazungusha kichwa. Kibuyu kimoja cha asali hiyo kikimiminwa kwenye mtungi wa kijiji, mtungi wote ni wa kumwaga. Kwa hiyo kila mzinga ukishushwa, mwonjaji alitafuna kipande cha sega lake. Kutafuna, si kulamba, kwa sababu uchungu hujificha ndani ya nta. Na mwenye jino lililotoboka hafai, maana asali ikiingia kwenye tundu kichwa chote kinalia, hajui tena chungu ni ipi na tamu ni ipi.

Na mila yao ilikuwa hivi: mwonjaji mpya akishika kazi na kinywa kizima, mzinga wake wa kwanza humpa mtu aliyekilinda kinywa hicho. Mtu mmoja. Mzinga haugawanywi, ukiupasua nyuki wanahama, mnabaki mnatazamana na gogo.

Mwonjaji wa wakati ule alikuwa mzee Ngolo, na gego lake lilikwisha toboka. Akatafuta wa kumrithi, akamwona Kalunde, binti Mihayo, kitoto kilichoweza kulamba asali kikakwambia imetoka mzinga wa nani. Ngolo akaanza kumfundisha. Mzinga ukishuka asubuhi, Kalunde njoo utafune. Ukishuka adhuhuri, Kalunde njoo. Jua likiinama, Kalunde. Kinywa hakikupata hata nafasi ya kumeza mate yake.

Nyumbani nako kulikuwa na mama yake wa kambo, Mwashi, mgeni katika nyumba ile, anayetaka kupendwa. Akaweka kata ya asali kando ya kitanda cha mtoto. Kila Kalunde alipomkumbuka marehemu mama yake, alichovya kidole akanyonya, akalala hivyo hivyo.

Wote wawili walikuwa wanamtendea wema. Meno yameuawa na wema kuliko na ubaya, mimi nawaambia.

Nyanzala akamtazama Kalunde, akayaona madoa meupe. Akawaita Mihayo, Ngolo na Mwashi, akawaeleza polepole kama mtu anayeeleza viziwi. Alisema bado hayajatoboka, ukucha unateleza juu yake, na jino la namna hiyo likipumzishwa hurudi likawa gumu. Alisema asali si adui, adui ni kurudiarudia: kibuyu kizima mara moja hakina hasara kama kidole kimoja kutwa nzima. Aonje kwa kikao kimoja, baada ya chakula. Asukutue kwa maji. Apigwe mswaki kabla ya kulala, na baada ya hapo kisipite kitu mdomoni ila maji.

Mihayo, baba mtu, akacheka. Akaonyesha meno yake, meupe, yamepangana, hayajawahi kuona mswaki, na anavunjia mifupa. Akaenda zake.

Mwashi akaiondoa ile kata. Mtoto akalia mpaka majirani wakasikia, nao wakasema si tulijua, mama wa kambo ni mama wa kambo tu. Kisimani wakamgeuzia mgongo. Kila jioni Mwashi alikata kijiti, akakitafuna ncha kikawa laini, akabana kichwa cha Kalunde katikati ya magoti, akasugua gego baada ya gego. Aling'atwa kidole gumba na kovu likabaki.

Ngolo naye akawaambia warina asali kwamba hakuna tena kuonja mzinga mmoja mmoja. Wakate vipande, waweke, wangoje mpaka chakula kimeliwa, vyote vionjwe kwa kikao kimoja. Ikawa vita. Asali inayongoja huingiwa na sisimizi, na kweli waliingia, watu wakapata hasara. Wakasema mzee amekuwa mvivu. Ukoo mmoja ukaacha kumwamkia. Hakurudi nyuma.

Miaka ikaenda, Kalunde akakua. Siku ya kupewa kazi ikafika. Wazee wakapitisha kucha kinywani mwake, hawakupata tundu. Wakampa masega, akalitema lile chungu kabla halijamaliza kulowa mate. Akawa mwonjaji. Wakampa kamba ya magome ya mzinga wake wa kwanza, ulioning'inia kwenye mninga. Atakayekabidhiwa kamba ndiye mwenye mzinga.

Nyanzala hakuwa na tamaa ya asali. Aliitaka ile kamba. Mama zao watoto walikuwa wameacha kabisa kumletea vinywa. Mbona anatutisha tu, walisema. Wakiona kamba mkononi mwake watarudi. Wasipoiona, kazi yake imekwisha, na watoto wote wale wangoje koleo.

Mihayo akasimama wa kwanza, bila kuitwa.

"Hakuna aliyelinda kitu hapa," akasema. "Meno haya ni ya ukoo wangu. Mtoto amezaliwa nayo. Kamba irudi nyumbani."

"Ukoo wako ndio ulioweka yale madoa?" akauliza Nyanzala.

"Madoa uliyaona wewe peke yako, bibi. Hata mwana wa jirani yetu Lugendo ulisema ataoza. Hakuna aliyemsugua, hakuna aliyemnyima, na leo anatafuna mifupa kunishinda mimi."

Watu wakacheka. Nyanzala akangoja wamalize.

"Sikusema ataoza. Nilisema yumo hatarini. Wingu jeusi si mvua, baba Kalunde, lakini mwenye akili akiliona anaanua mahindi yake. Mvua isiponyesha, utampiga aliyekuambia anua?"

"Basi apa hapa," akasema Mihayo. "Apa kwamba bila wewe meno ya binti yangu yangeoza."

Nyanzala alilijua jibu, na lilimkera kuliko swali.

"Siwezi kuapa," akasema. "Hakuna awezaye. Yakioza mnasema nilijua na sikusaidia. Yasipooza mnasema niliwatisha bure. Niambieni basi, ni jino la namna gani litakalonipa haki yangu?"

Hapo Mwashi akasogea mbele, akainua kidole chake chenye kovu.

"Bibi, heshima yako ipo. Lakini wewe ulisema siku moja ukarudi kwako. Mimi nilisugua kila jioni. Maneno yako hayakusugua hata jino moja. Mimi ndiye niliyeitwa mchawi kisimani, si wewe."

"Na kata ile kando ya kitanda aliiweka nani?" akauliza Ngolo. "Umefuta uchafu uliomwaga mwenyewe, mama, halafu unadai zawadi ya usafi."

"Na wewe mzee uliyemlisha sega kutwa?"

"Nilimlisha, nikaacha. Wewe ulibadilisha jioni za nyumba moja. Mimi nimebadilisha mila ya kijiji kizima, na watu wangali hawaniamkii. Ningeendelea kumwita asubuhi na mchana, mswaki wako ungesugua nini?"

Nyanzala akawatazama wote wawili.

"Bila macho yangu," akasema, "nyinyi wawili mngemmaliza kwa mapenzi, na hapa mngekuwa mnalia kwa pamoja."

Mwashi akasema macho hayana mikono. Ngolo akasema mikono na macho vyote haviwezi kitu ikiwa kazi yenyewe inaua. Mihayo akasema wanagombania mvua ambayo haikunyesha. Wakarudia tena kutoka mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi, mpaka wazee wakagonga fimbo chini wakamwambia Kalunde atoe kamba yake, jua linakwenda.

Kalunde akasimama katikati yao, kamba imezungushwa mkononi. Akamtazama baba aliyempa meno. Akamtazama Nyanzala aliyeyaona, asiyeweza kuapa. Akamtazama Mwashi aliyeyasugua baada ya kuyaharibu, na Ngolo aliyeyapumzisha baada ya kuyachosha.

Sasa nyinyi mlioketi hapa. Asiniambie mtu wagawane. Nimekwisha sema nyuki watahama. Asiniambie mtu wote ni wazuri; hilo ni jibu la mtu anayetaka kwenda kula. Kamba ni moja na mkono wa kuipokea ni mmoja.

Je, nyie mngemwambia Kalunde amkabidhi nani?