Jembe la Naelijwa Ng'ambo ya Masale

Gugu la njiani halina mwenyewe, mbegu zake zina wenyewe. Mliisikia methali hiyo jana mkutanoni, mkatikisa vichwa kama mnaielewa, na leo mmenijia kuuliza maana yake. Kaeni. Methali hii ilianza hivi, tena ilianza hapa hapa kijijini, kwenye njia ya ng'ombe inayoshuka joshoni.

Njia ile ni ya kijiji kizima. Mashamba yako kushoto na kulia, na kila shamba limepandwa mimea ya masale pembeni. Kwetu Upare masale ndiyo mpaka, na jani la isale ndilo la kuombea amani. Jembe la mtu hukoma kwenye masale yake. Ukilima hata hatua moja ng'ambo unaitwa mnyang'anyi wa ardhi, na jina hilo hata ukifa linabaki kwa wanao.

Basi gugu karoti likaingia njiani. Lina maua meupe, madogo, nasi kwa ujinga wetu tukaliona pambo. Mwaka wa pili lilijaa kingo zote mbili. Watu walipalilia mashamba yao vizuri, wakifika kwenye masale wanafuta majembe na kurudi nyumbani. Mwenyekiti Kigono aliandika barua wilayani. Akajibiwa kwamba njia za ndani ya kijiji hupaliliwa na kijiji. Kijiji nacho kikasema kimeshaandika barua, kifanye nini tena? Gugu likaendelea kuchanua, maana lenyewe halisomi barua.

Naelijwa alikuwa mjane mwenye watoto wanne, na chakula chao kilitoka kwenye kishamba kimoja cha maharage kando ya njia hiyo. Msimu ule alipalilia mara tatu. Kila mvua iliponyesha, miche ya gugu ilichipua upya katikati ya maharage, hata akavuna debe moja mahali alipozoea kuvuna magunia matatu. Alilitazama lile debe akalia. Alipomaliza kulia aliona jambo moja wazi: alikuwa anang'oa watoto, na mama yao yuko njiani anazaa.

Mvua zilizofuata, kabla gugu halijachanua, alifunga vitambaa mikononi kwa sababu linawasha, akavuka masale yake na jembe. Aling'oa siku tatu mfululizo. Siku ya nne jirani yake Senkondo alipeleka habari kwa mwenyekiti kwamba mjane anameza njia.

Baraza lilikaa pale pale njiani, mbele ya shamba la Senkondo, ili wazee waone kosa kwa macho yao. Kigono alitangaza kwamba kosa likithibitika, kishamba kitarudi kwa ukoo wa marehemu mumewe. Naelijwa alikuja na kifurushi cha khanga kwapani.

"Mama Elisante," Kigono alimwuliza, "nani alikutuma kulima njia ya watu?"

"Hakuna aliyenituma, baba mwenyekiti. Naomba kuuliza nami. Gugu lililoota njiani ni la nani?"

"Hilo halina mwenyewe."

Naelijwa akafungua khanga, akatoa fungu la gugu kavu la msimu uliopita, limejaa mbegu. Akaenda mpaka kwenye masale ya Senkondo, akaliinua juu ya shamba.

Senkondo aliruka kutoka alipoketi. "Usikung'ute hapo, mama. Hilo ni shamba langu."

"Unaogopa nini, shemeji, na gugu halina mwenyewe?"

Watu walicheka. Naelijwa alifunga tena khanga yake.

"Gugu la njiani halina mwenyewe," akasema, "mbegu zake zina wenyewe. Msimu uliopita mwenyewe nilikuwa mimi na wanangu. Msimu huu nimekataa. Kama ni kosa, chukueni shamba, lakini mlichukue pamoja na gugu lake."

Kigono aliinuka akaenda kwenye masale. Kisha alikata jani la isale, akalichomeka kiunoni, akaomba jembe, akaanza kulima njia. Tangu siku hiyo kila mwenye shamba hupalilia hadi katikati ya njia kabla gugu halijachanua, na huchomeka jani la isale ijulikane kwamba amefuata gugu, hakufuata ardhi. Tulihangaika nalo miaka sita, ndipo likaisha njiani. Nasema tulihangaika, kwa sababu mimi ni wa tatu katika wale watoto wanne, na maharage ya shamba lile ndiyo yaliyonikuza.

Jana gugu lilionekana kwenye uwanja wa shule, nanyi niliwasikia mkisema uwanja ni wa serikali. Majembe yako nyuma ya mlango. Kateni jani la isale kila mmoja, twende. Gugu la njiani halina mwenyewe, mbegu zake zina wenyewe.