Meli Iliyopumzika Rasi ya Mawe

Meli huchaguliwa kwa mkwamo, si kwa mwendo. Ndivyo nilivyosema, na nimesema kwa sababu masikio yangu yamechoka. Tangu tumalize kula mnabishana, nyinyi wanakwaya, mpande meli ya kampuni gani kwenda huko mnakoalikwa kuimba. Huyu anasema ile iliharibika mwezi uliopita, yule anasema hii haijawahi kusikika kuharibika. Haijasikika na nani? Halafu nikitamka neno moja mnanigeukia wote mnauliza methali hiyo ya wazee ilitoka wapi. Haikutoka kwa wazee. Ilitoka kinywani mwa dada yangu Skolastika alipokuwa msichana wa kuolewa, na nilikuwa nimeketi ubavuni pake. Zimeni hiyo redio basi, maana sirudii.

Ilianza namna hii.

Wakati huo barabara ya kupita ufukweni mwa ziwa letu la Nyasa haikuwepo. Ukitaka kwenda mbali ulipanda meli, na meli zilikuwa mbili, kila moja na kampuni yake. Ya kwanza iliitwa Mpingo. Ilikuwa kuukuu, nyeusi kwa moshi, na nahodha wake alikuwa mzee Kasiani, mtu mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Ya pili iliitwa Malaika. Ilikuwa nyeupe, ina viti vya mito, na mabaharia wake walivaa mashati yaliyopigwa pasi.

Mpingo iliharibika, nani asiyejua? Ikiharibika, Kasiani alipiga honi ndefu hadi mbuzi wa milimani wakainua vichwa, kisha akashika kipaza sauti: "Ndugu abiria, meli imeharibika. Leo hatuondoki. Mwenye haraka ashuke, mashua ya meli itampeleka nchi kavu. Anayebaki, ugali unapikwa." Halafu alituma mtu atembee mpaka bandari ya mbele akawaambie wanaosubiri wasisubiri. Kwa hiyo kila mkwamo wa Mpingo ulijulikana ziwa zima. Watoto walitunga hata wimbo wa kuicheka.

Malaika haikuwa na wimbo. Haikusikika kuharibika hata siku moja. Watu walioshuka humo walisema tu, "Tulichelewa kidogo." Kidogo chenyewe kingeweza kuwa siku nzima, lakini kwa kuwa waliambiwa wamechelewa, na wao walisema wamechelewa. Hiyo ndiyo akili tuliyokuwa nayo.

Basi Skolastika akaposwa na Otmari wa Kihuru, kijiji cha kaskazini, safari ya meli ya kutwa nzima. Ndoa ikapangwa ifungwe Kihuru Jumamosi ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu. Mnajua Kanisa letu, Kwaresima ikiingia hakuna ndoa mpaka Pasaka ipite. Na padri naye alikuwa mmoja kwa vigango vyote vya upande ule, anafika, anasomesha misa, anafungisha ndoa, anabatiza, anaondoka. Ukimkosa umemkosa. Tena baba yake Otmari hakuwa ametupenda sana. Kulikuwa na binti wa jirani yake aliyemtaka kwa mwanawe, na alisema waziwazi kwamba akiona dalili yoyote mbaya atalirudisha neno lake.

Aliyepewa kazi ya kutusafirisha alikuwa mjomba wetu Eberhadi. Mungu amrehemu, lakini alikuwa mtu wa kukuchosha roho. Kila jambo alikuwa amelisikia mahali. Skolastika alipendekeza Mpingo kwa sababu inaondoka Alhamisi, tupate siku ya akiba. Mjomba akacheka. "Mpingo? Mwaka huu tu nimesikia imekwama mara tatu. Nikupeleke harusini kwa chombo cha kuchekwa na watoto? Tunapanda Malaika, Ijumaa. Umewahi kusikia Malaika imeharibika?" Kweli hatukuwahi kusikia. Tukafunga mizigo.

Ijumaa alfajiri tukapanda. Nakiri viti vilikuwa vizuri. Saa sita mchana tukakaribia Rasi ya Mawe, na hapo injini ikakohoa, ikanyamaza. Meli ikaelea kimya. Tukangoja honi, hakuna. Tukangoja kipaza sauti, hakuna. Baharia mmoja akapita, shati limenyooka, akasema, "Tunaondoka sasa hivi," akaenda zake.

Muda si muda tukaona mitumbwi inatoka rasini, imejaa wanawake wenye sufuria. Walikuwa wanauza muhogo wa kuchemsha na usipa wa kukaanga, bado vya moto. Mmoja wao, Mama Kunda, mwanamke mnene mcheshi, aliusogeza mtumbwi wake chini yetu. Skolastika akamuuliza vipi wamepika haraka hivyo.

"Haraka gani, mwanangu?" akasema. "Hii si meli yenu nyeupe? Tukiiona inazunguka rasi tunabandika. Hapa ndipo inapopumzikia."

"Inapumzika mara nyingi?"

"Sisi paa la nyumba tumeezekea mapumziko yake." Akatupa muhogo tuonje. "Mnakwenda wapi?"

Tukamwambia. Akatutazama kwa huruma. Akasema nyuma ya rasi kuna njia ya miguu inayopanda kilima na kushukia Kihuru. Tukiondoka saa ile, giza likiingia tutakuwa tumefika. Angetuvusha na mizigo yetu yote bila malipo, kwa heshima ya bibi harusi.

Mjomba Eberhadi akakataa. Alisema bibi harusi hapandi mtumbwi wa usipa akafika ukweni ananuka samaki, na kwa mila yetu msafara wa harusi hauvunjwi njiani. Tena nahodha amesema sasa hivi. Nikamwambia, "Mjomba, nahodha hajasema kitu, aliyesema ni mwenye shati." Akaniambia nina mdomo.

Dada yangu akainuka, akapanda ngazi kwenda kwa nahodha mwenyewe. Nikamfuata. Tulimkuta anakunywa chai.

"Shikamoo, baba," akasema Skolastika. "Meli imeharibika?"

"Marahaba, binti. Haijaharibika. Imepumzika."

"Itapumzika mpaka lini?"

"Sasa hivi tu."

"Baba, mimi naolewa kesho. Padri hatarudi mpaka Pasaka. Ukiniambia haiondoki leo, nitashuka nitembee, wala sitakulaumu. Niambie tu ukweli."

Nahodha akaweka kikombe chini, akatazama pembeni. "Malaika haijawahi kuharibika," akasema.

"Sikuuliza kama imewahi. Nimeuliza leo."

"Sasa hivi, binti. Rudi ukakae."

Yaani wanangu, mtu anaomba ukweli mmoja tu, mdogo, usiomgharimu mwenye kuutoa chochote, naye ananyimwa. Mpaka leo nikiikumbuka ile chai damu inanichemka. Kampuni yake ilitaka isemwe kwamba meli yake haiharibiki, na ili hilo lisemwe, watu wote mle ndani tulikaa kama mizigo. Mle mlikuwa na mgonjwa wa kupelekwa hospitali, mlikuwa na mfiwa anawahi kuzika, na wote wakaambiwa sasa hivi. Chakula hakikupikwa, kwa maana meli inayoondoka sasa hivi itapikaje? Tulinunua muhogo wa Mama Kunda mpaka ukaisha. Jioni mitumbwi ikarudi kwao, na mjomba akalala usingizi mzuri kwenye kiti chake cha mto.

Jumamosi kukacha, tupo palepale. Mwenye shati akapita, akasema neno lake. Skolastika alisimama ukingoni akiitazama rasi. Mitumbwi ilipotokea mchana alifunga kanga kiunoni, akashuka kwa kamba ubavuni mwa meli mpaka kwa Mama Kunda, nami nyuma yake. Mjomba alipotuona tuko chini akaanza kuhubiri mila. Alipoona mtumbwi unaondoka kweli, akashuka na yeye, na sanduku la gauni kichwani.

Tulitembea kilima kile kwa jua kali. Tulifika Kihuru jua linazama. Kanisa lilikuwa limefungwa. Padri alikuwa amesubiri mpaka alasiri, akasema asipoondoka watu wa kigango cha pili watalala kanisani wakimngoja. Dada yangu alikaa kwenye ngazi za kanisa na kanga yake ya vumbi, akalia kwa sauti, hakujali nani anaona.

Hapo ndipo tulipomkuta shangazi yake Otmari, aliyetoka kusini kama sisi kuja harusini. Yeye alikuwa amepanda Mpingo, na Mpingo nayo ilikuwa imeharibika safari ileile ya Alhamisi. "Lakini Kasiani alituambia," akasema. "Alipiga honi, akatushusha na mashua, akatupa samaki wa kula njiani. Nimefika hapa tangu jana." Mjomba Eberhadi akajifanya anafunga kamba ya sanduku.

Baba yake Otmari akatoka akasema mbele yetu sote kwamba bibi harusi anayekosa harusi yake mwenyewe ni dalili tosha, na kwamba yule binti wa jirani yuko nyumbani kwao tayari. Wazee wengine wakaitikia kwa vichwa. Otmari alikuwa mtu mpole, wala hatukujua ana msimamo gani. Akaja akakaa kwenye ngazi karibu na dada yangu. Akamwambia baba yake, "Padri atarudi baada ya Pasaka. Nitakuwa hapa." Baba yake akamkumbusha kuwa Pasaka iko mbali. Otmari akajibu kwamba anaijua kalenda.

Tukarudi kwetu. Kwaresima ile ilikuwa ndefu kuliko zote nilizofunga. Kila wiki lilikuja neno kutoka Kihuru kwamba yule mzee amekwenda tena kwa jirani, na kila wiki lilikuja neno jingine kwamba Otmari amekataa tena. Pasaka ikapita, siku ikapangwa upya. Na mjomba wetu, bila haya, akaja kusema Malaika imefungwa injini mpya, na kwamba Mpingo amesikia imekwama tena juzi.

"Umesikia kwa nani?" Skolastika akamuuliza.

"Kasiani mwenyewe katangaza."

"Na ya Malaika kakutangazia nani? Tunapanda Mpingo."

Tukapanda Mpingo, na Mpingo ikaharibika. Ndiyo, iliharibika, msinitolee macho. Mjomba alifurahi kama aliyepata mtoto wa kiume. "Si nilisema? Si nilisema mimi?" Hata hakumaliza, honi ikalia, na sauti ya Kasiani ikatoka: "Ndugu abiria, meli imeharibika. Leo hatuondoki. Msafara wa harusi ushuke kwanza. Nimeshatuma kijana anayejua kukimbia akamwambie padri." Skolastika akakunja kanga magotini. "Mjomba," akasema, "shika sanduku."

Tulifika kesho yake tumechafuka, na mvua za Aprili zilikuwa zimetunyeshea. Padri alikuwa mlangoni, amepata habari, ameahirisha misa mpaka tuoge. Ndoa ikafungwa mchana uleule. Hata baba yake Otmari alikula pilau, ingawa alikula amenuna.

Wakati wa nasaha mjomba Eberhadi akasimama kama mkubwa wa upande wa bibi harusi. Mnafikiri alizungumzia ndoa? Akaanza kuisema meli: jinsi alivyoonya, jinsi chombo kibovu kilivyotutia matopeni, jinsi Malaika ingekwenda kwa mwendo wa kifahari. Watu walikuwa wanatazama sahani zao. Wazee walimkonyeza akae, hakukaa.

Bibi harusi hasemi siku ya harusi yake, hiyo ndiyo desturi yetu. Skolastika akafunua shela.

"Mjomba, zote mbili zilinikwamisha," akasema. "Moja ikaniambia ukweli, ikanishusha, ikanitangulizia habari. Nyingine ikanidanganya mpaka padri akaondoka. Mwendo mzuri kila mtu anao siku injini ni nzima." Kisha akamgeukia Otmari, akamshika mkono mbele ya baba mkwe wake, akasema taratibu, ukumbi mzima ukasikia: "Meli huchaguliwa kwa mkwamo, si kwa mwendo."