Baba Aliyeomba Mtoto Apungue

Ndugu zangu, leo nataka niwape habari za baba mmoja aliyempenda mwanawe sana, mpaka akamnyima chai. Mnacheka. Haya, chekeni sasa hivi, maana baadaye sijui.

Baba huyu ujanani alikuwa mcheza mieleka. Nguvu alikuwa nazo kweli, ila ubingwa hakuupata. Akaja akapata mtoto wa kiume, Lusajo. Jioni wanatandika godoro sebuleni, mtoto anamrukia baba, wanabiringishana, mama anagomba kwamba watavunja meza, na huku anacheka. Hapo kuna ubaya? Hakuna hata kidogo. Mtoto achezeshwe.

Lusajo alipofika miaka sita, yakatangazwa mashindano ya ubingwa wa mieleka kwa watoto wadogo. Kuna kikombe, kuna medali, kuna kupigwa picha. Baba akasema moyoni, kikombe changu hicho. Mmesikia? Changu. Anayekwenda kupigana ni mtoto, kikombe ni cha baba.

Sasa kwenye mieleka watu hupangwa kwa uzito. Baba akataka Lusajo aingie kundi la wepesi kabisa, akutane na wadogo kuliko yeye, awaangushe upesi. Asubuhi ya mashindano akampandisha kwenye mzani. Amezidi. Kidogo tu, lakini amezidi.

Mpimaji akamwambia, "Baba, mpeleke kundi linalofuata, au mwache mwaka huu. Huyu bado mdogo."

"Atashuka," baba akajibu. "Nipe muda kidogo tu."

Akamvisha mtoto sweta juu ya sweta, akaanza kumkimbiza kuzunguka uwanja ili atoke jasho. Chai hakuna, maji hakuna. Mtoto anakimbia huku analia, midomo imemkauka. Na wazazi wengine waliokuwa pale, mnadhani walimzuia? Walimpigia makofi. "Kaza, bingwa, kaza." Wawili watatu wakaenda kuwavisha wa kwao masweta.

Ndipo mama akafika kutoka nyumbani na chupa ya uji. Alipoona, hakupiga kelele. Aliingia uwanjani, akamshika mtoto, akamvua sweta la juu.

"Mama Lusajo, usituharibie," baba akasema. "Imebaki kidogo sana ashuke."

Mama akamtazama. "Baba Lusajo, huyu alizaliwa kabla ya siku zake. Umesahau? Tulikuwa tunampeleka kliniki umemfunika kwa koti lako. Kila wakimpima ulikuwa unafumba macho, unamwomba Mungu mshale wa mzani upande. Siku ulipopanda ulilia mbele ya manesi, wala hukuona aibu. Mungu alikusikia, na mpaka leo anakujibu. Sasa unataka ayafute yale maombi?"

Wewe ungemjibu nini?

Baba akachuchumaa, akamvua mwanawe lile sweta la pili kwa mkono wake, akammiminia uji. Mtoto akanywa, huku anamchungulia baba usoni.

"Napigana saa ngapi?"

"Leo hupigani, mwanangu. Leo tunatazama tu."

"Umenikasirikia?"

"Nimejikasirikia mwenyewe. Wewe kunywa."

Akanywa, akaomba aongezewe. Baba akamwongeza.

Sasa tuje kwetu sisi. Najua mtaniambia, mchungaji, hapa kwetu hakuna mieleka. Ni kweli. Je, nani anamwamsha mtoto wa chekechea alfajiri kwenda kusoma ziada, ili ampite mtoto wa jirani? Nani alimfinya binti yake siku ile ya mashindano ya kwaya, kwa sababu alisahau ubeti? Nilikuona. Niliinamisha kichwa tu, nikasema nitakutana naye Jumapili.

Sikatai mashindano. Kijana aliyekomaa, anayejua mwenyewe anataka nini, aende akapambane, na tutafunga safari tukamshangilie. Mimi nasema hawa ambao hata meno ya utotoni hayajawatoka. Hawa Mungu amewapa kazi moja, kukua. Sisi wenyewe ndio tuliopiga magoti tukaomba wakue. Leo wanakua, tunawabana watoshe kwenye ndoto zetu zilizotushinda. Hivi kweli tunampenda mtoto, au tunajipenda sisi tuliokosa kikombe?

Lakini sikuja kuwavunja moyo. Yule baba aligeuka palepale, mbele za watu wote, na mtoto hakumwekea kinyongo. Watoto wetu bado wanatupenda kuliko tunavyostahili. Wakituona tunageuka, watatupokea leo hii.

Basi ukifika nyumbani mtoto akakukimbilia mlangoni, mpakulie chakula, keti naye, mle. Usimwulize amekuwa wa ngapi. Mwulize kama ameshiba.